Seneta Tillis na bima ya wanyonge

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie msimamo wa Thom Tillis, seneta wa North Carolina, ambaye Juni 29, 2025 alisimama katika Seneti ya Marekani na kuwauliza wenzake wa chama cha Republican awaambie nini watu 663,000 wa jimbo lake ambao, kwa hesabu yake, wangepoteza Medicaid, yaani bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato cha chini, iwapo muswada wa kodi na matumizi wa Rais Trump ungepitishwa.

Siku hiyohiyo alikuwa ametangaza kwamba hatagombea tena. Najua asiye na kura za kuomba husema kweli kwa wepesi. Tena ni yeye aliyekuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo mwaka 2013, lilipokataa kupanua bima hiyohiyo. Hata hivyo, zahanati na hospitali ndogo za vijijini, ambazo mishahara ya wauguzi wake hutegemea malipo ya Medicaid, zilihitaji mtetezi, si malaika.

Muswada huo ulipita katika Seneti Julai 1 kwa kura 51 dhidi ya 50, ya mwisho ikiwa ya Makamu wa Rais JD Vance. Warepublican watatu tu, Tillis akiwa mmoja wao, waliukataa. Angepatikana wa nne, ungeanguka.

Msomaji wenu,
Raleigh, North Carolina