Hata sigara mbili kwa siku zinaua

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana hili jambo linaniuma na nalisikia kila siku, mtu ukimwambia aache sigara anakujibu mimi sio mvutaji bwana, navuta mbili tu, moja asubuhi moja jioni, tena anasema kwa amani kabisa kama vile kapewa cheti na daktari. Jamani sio kweli.

Ukitaja sigara kila mtu anafikiria mapafu na kansa, sawa, ila hizo mbili zinaanzia kwenye moyo, na moyo hauhesabu pakiti. Ule moshi una kaboni monoksaidi, inakaa kwenye damu pale ambapo oksijeni ilitakiwa ikae, nikotini inabana mishipa na kuukimbiza moyo, halafu damu yenyewe inakuwa rahisi kuganda, na haya yote hayasubiri ufikishe pakiti nzima. Kuna utafiti ulitoka 2018 ambao ulikusanya tafiti nyingi za nyuma, ukakuta mtu wa sigara moja kwa siku anabeba kama nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo na kiharusi anayobeba mtu wa sigara 20. Nusu! Wengi wetu tungedhani ni sehemu moja ya 20.

Wengine wamehamia zile sigara wanazoziita laiti, yaani nyepesi. Mwangalie anavyoishika, vidole vimefunika vile vitundu vidogo vya kwenye kichungi vilivyowekwa kupitisha hewa, na kwa kuwa mwili unadai nikotini yake ileile anavuta kwa nguvu zaidi na moshi anaushusha chini kabisa, sasa hapo kapunguza nini?

Sisemi kupunguza ni kubaya, kama ni ngazi ya kuachia ni sawa, ila usikae kwenye ngazi miaka kumi. Arosto, yaani ile hamu ya sigara ukiacha, inakuwa kali zile siku za mwanzo na kwa wengi baada ya wiki chache inalegea, na siku hizi kuna viraka vya nikotini vya kubandika kwenye ngozi na ubani wa kutafuna, vinasaidia kweli. Na faida haichelewi, ukimaliza mwaka bila kuvuta hatari ya ziada ya moyo inakuwa imeshuka kama nusu.

Ombi langu ni kwa madaktari na manesi wetu. Mkimuuliza mgonjwa "unavuta sigara?" huyu wa mbili atawajibu hapana, na kwa akili yake hajadanganya, mnaandika hapana kwenye faili basi imeisha hiyo. Muulizeni mara ya mwisho kavuta lini. Na wewe mhariri, kwenye ukurasa wako wa afya naomba siku moja uwaandikie hawa wa mbili tu, maana tangazo la wavutaji wakilisoma wanajua haliwahusu.

Msomaji wako