Kabla hujapita korongo la Fraser

Mwanangu mpenzi,

Nimepata barua yako na nimefurahi kwamba mu wazima. Nimefurahi zaidi kusoma kuwa safari yenu ya huko Kanada, kutoka Vancouver kwenda Kamloops, itapita njia ya zamani ya Hope, Yale na Lytton, wala si barabara kuu ya Coquihalla inayokimbiliwa na wengi kwa sababu ni fupi. Habari za Mto Fraser, ambao njia hiyo huufuata, nimezisoma miaka mingi. Univumilie basi, maana vitabu vidogo vya watalii huanza hadithi katikati. Huanza na meli za wachimbaji wa dhahabu, kana kwamba kabla ya hapo korongo lilikuwa tupu.

Halikuwa tupu hata kidogo. Simon Fraser, mpelelezi ambaye mto umepewa jina lake, aliteremka nao mwaka 1808 akakuta vijiji kila mahali. Pale Lytton ya leo, Mto Thompson unapoingia Fraser, alilazimika kuwapa mkono watu wapatao 1,200. Palipokuwa na majabali yasiyopitika, wenyeji walimvusha kwa ngazi za kamba walizozifunga wenyewe kwenye kuta za mawe. Hao ni watu wa Nlaka'pamux. Karibu miaka 50 baadaye, wao ndio waliokuwa wakiokota dhahabu kando ya mito hiyo na kuwauzia maajenti wa Hudson's Bay Company, kampuni ya Kiingereza ya biashara ya manyoya. Hilo ulishike: dhahabu ya Fraser ilichimbwa kwanza na wenye nchi, na walijua thamani yake.

James Douglas alikuwa mkuu wa kampuni hiyo upande wa pwani ya Pasifiki, na wakati huohuo gavana wa Kisiwa cha Vancouver. Mwishoni mwa 1857 alitangaza kwamba dhahabu yote ya bara ni mali ya Malkia wa Uingereza, na kila mchimbaji akate leseni, ingawa huko bara hakuwa na mamlaka rasmi. Ada ikafika shilingi 21 kwa mwezi. Lakini habari zilikwisha fika San Francisco, ambako wachimbaji wengi wa California walikuwa hawana kazi ya maana tena. Tarehe 25 Aprili 1858 meli iitwayo Commodore ilitia nanga Victoria, mji wa kisiwani wenye watu mia chache, ikashusha mamia ya watu kwa siku moja. Kufikia mwisho wa msimu walikuwa wamekuja wapatao 30,000.

Utakapokaribia Yale, angalia mtoni. Chini kidogo ya mji ndipo palipokuwa Hill's Bar, fungu la mchanga na kokoto lililotoa dhahabu kuliko mafungu mengine yote ya mto ule. Dhahabu ni nzito karibu mara 19 kuliko maji, kwa hiyo mto unapopunguza kasi huiangusha pamoja na mchanga mweusi. Ya Fraser ilikuwa imesagwa na safari ndefu ya mto hadi ikawa kama unga. Karai peke yake halikutosha. Walitumia sanduku lenye kitako cha mviringo, mmoja akitia mchanga, mwingine akilitikisa na kumwagia maji, na blanketi chini likinasa chembe. Unga mwembamba kabisa waliunasa kwa zebaki, kisha wakaichoma ipae ibaki dhahabu. Sumu iliyobaki hakuna aliyeijali.

Hapo pana jambo ambalo mgeni halitambui. Mafungu hayo huonekana maji yakipungua tu. Mwezi wa sita theluji ya milimani huyeyuka, mto hufura, na mwaka ule maelfu walikata tamaa wakarudi walikotoka. Waliobaki walisubiri, na maji yalipoanza kushuka walipanda juu zaidi ndani ya korongo. Wakati huohuo samaki waitwao samoni walikuwa wakipanda mto, na wenyeji walikuwa miambani na nyavu zao wakivua na kukausha chakula cha mwaka mzima. Wachimbaji walipanga masanduku yao palepale. Masimulizi ya wenyeji yanataja pia wanawake walionajisiwa. Damu ikamwagika, maiti za wazungu zikaonekana zikielea mpaka Yale, na wachimbaji wakaunda vikosi vyao vya bunduki bila ruhusa ya serikali yoyote. Walichoma vijiji na akiba za chakula, na kwa watu wanaokabiliwa na baridi ile, kuchoma samaki waliokaushwa ni kuua polepole.

Kapteni mmoja, Graham, alitaka wenyeji waangamizwe. Alipigwa risasi usiku akafa, na wengi husema aliuawa na watu wake mwenyewe katika fadhaa ya giza. Mwingine, Snyder, alisonga mbele akitafuta mapatano. Ndipo anapoingia mtu ninayetaka umkumbuke kuliko wote, chifu Spintlum wa Lytton. Wapiganaji walikuwa wamekusanyika, na wengi walitaka kuwafukuza wageni wote. Korongo lilikuwa upande wao, kwa kuwa katika njia nyembamba kama zile watu wachache huweza kuzuia jeshi. Spintlum alisimama upande wa amani, na mwezi Agosti 1858 akapatana na Snyder. Mimi siuiti huo udhaifu. Alikuwa na uwezo wa kuendelea na vita, akapima mamia ya watu wake dhidi ya maelfu waliokuwa wakiendelea kuja, akaamua.

Alicholipwa ni kidogo mno. Tarehe 19 Novemba mwaka uleule koloni la British Columbia lilitangazwa huko Fort Langley, na ardhi ya Wanlaka'pamux ikagawiwa bila mkataba wowote na Uingereza. Mpaka leo hakuna.

Usidhani wageni wote walikuwa wa namna moja. Katika Commodore walikuwamo watu weusi waliokimbia sheria za ubaguzi za California. Douglas, ambaye mwenyewe alizaliwa Guyana na mama mwenye asili ya Afrika, aliwakaribisha. Mmoja wa waliofuata, Mifflin Gibbs, aliwauzia wachimbaji vifaa, na mwaka 1866 akachaguliwa diwani wa Victoria. Wachina nao waliyarudia mafungu yaliyoachwa, wakapanga mawe kwa mkono jiwe baada ya jiwe, na malundo yao bado yapo kando ya mto. Baadaye maelfu wengine waliletwa kuchonga njia ya reli, 1880 hadi 1885, na mamia walikufa. Ujenzi wa reli ya pili ndio ulioporomosha mawe mwaka 1914 pale Hell's Gate, mahali korongo linapobana sana, samoni wakakwama, na ngazi za kuwapitisha hazikujengwa mpaka miaka ya 1940. Dhahabu ilikuwa imekwisha zamani, lakini mto uliendelea kuilipia gharama yake.

Lytton mtaikuta inajengwa upya. Iliungua tarehe 30 Juni 2021, siku moja baada ya joto kufika nyuzi 49.6, na makumbusho ya historia ya Wachina nayo iliteketea. Mkisimama, nunueni chochote kwa wenyeji, na ukipata mzee wa Nlaka'pamux mwenye nafasi ya kuzungumza, muulize habari za samaki kabla ya dhahabu. Kisha uniandikie alivyokujibu.

Wasalimie wenzako wa safari.

Mama yako