Barua kwa mpwa wangu anayecheza namba sita

Mpwa wangu,

Nasikia kocha wako anataka ukimbie zaidi na ujirushe miguuni mwa watu zaidi, la sivyo utapoteza namba yako ya kiungo mkabaji, ile namba sita ya dimba la kati. Kabla hujaanza kuchubua mapaja, tafuta mechi za Xabi Alonso, Mhispania aliyestaafu mwaka 2017. Mbio hakuwa nazo tangu ujana, na bado alicheza Real Sociedad, Liverpool, Real Madrid na Bayern Munich, pamoja na mechi 114 za timu ya taifa.

Usiufuate mpira kwa macho. Mtazame yeye kabla haujamfikia. Beki akijiandaa kumpa, Alonso anageuza shingo kulia na kushoto, kisha anasimama ubavu, bega moja kwa beki wake na jingine kwa lango la wapinzani. Ukiupokea umelipa mgongo lango lao, itabidi utulize, ugeuke, ndipo uangalie. Kwa mtu mzito kama wewe (usinune), hapo umeshanyang'anywa. Yeye alitulizia mguu wa mbali, mpira ukasogea hatua moja ubavuni, tayari kupigwa.

Halafu ile pasi ya mshazari, mita 40 au zaidi. Ujie mpira kwa pembe, usiujie moja kwa moja. Mguu wa kusimamia ukae ubavuni mwa mpira, piga kwa mfupa wa juu ya mguu upande wa kidole gumba, chini kidogo ya katikati ya mpira, na uache mguu uendelee kufuata. Wengi wanaharibu kwa kuegemea nyuma mno: mpira unapaa, unaning'inia, na beki wa pembeni anawahi kumfikia winga. Wa Alonso ulinyooka. Pale Madrid, Cristiano Ronaldo upande wa kushoto alianza kukimbia kabla haujapigwa, kwa sababu alijua utatua wapi.

Januari 2006, akiwa Liverpool, aliifunga Luton Town kutoka nusu yake ya uwanja, kipa wao akiwa amepanda kusaidia mashambulizi. Septemba mwaka huohuo akarudia dhidi ya Newcastle. Kipa Steve Harper alikuwa ametoka langoni, akateleza akirudi. Mara zote mbili alishajua kipa yuko wapi. Ni shingo ileile.

Kwenye penalti usimwige sana. Fainali ya Ligi ya Mabingwa pale Istanbul mwaka 2005, Liverpool dhidi ya AC Milan, kipa Dida aliipangua yake, Alonso akaufuata mpira na kuupachika sehemu ya juu ya wavu, ikawa 3-3. Jifunze huko kufuata. Robo fainali ya Kombe la Dunia 2010 dhidi ya Paraguay alifunga, mwamuzi akaamuru irudiwe kwa kuwa wenzake waliingia kwenye boksi mapema, na ya pili kipa Justo Villar akaipangua. Waambie wenzako wasubiri nje ya boksi mpaka mguu uguse mpira.

Sasa hilo la kujirusha. Alonso aliliona kuwa dawa ya mwisho, la kufanya ukishachelewa kujipanga. Hakulihesabu kama kipaji. Hapo niko naye, mwambie kocha. Ila naye alichelewa mara nyingi, na kadi za njano alizikusanya. Tarehe 29 Aprili 2014, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, Madrid walikuwa mbele 3-0 ugenini Munich, na 4-0 kwa jumla. Kabla ya mapumziko alijirusha kwa Bastian Schweinsteiger wa Bayern, akaufikia mguu badala ya mpira. Njano. Kwa hesabu ya kadi alizokuwa amekusanya, akafungiwa, na fainali ya Lisbon dhidi ya Atlético ikampita.

Ikabidi akae jukwaani. Gareth Bale alipofunga la pili la Madrid kwenye muda wa nyongeza, kamera zikamnasa Alonso akishuka mbio hadi pembeni mwa uwanja kushangilia, amevaa suti.

Mjomba wako