Shoga yangu, huo mtihani wa mwisho wa Kiingereza usikukoseshe usingizi

Shoga yangu,

Salama huko? Voisi yako ya kuogopa mtihani wa Kiingereza nimeisikiza yote, hata pale ulipokuwa unalia na kula chips kwa wakati mmoja. Sasa shusha pumzi. Mimi hiyo gredi ya tisa nishapita na karatasi ya marudio uliyonipigia picha naijua: istilahi za fasihi, miungu ya Wagiriki, grama.

Za fasihi usinichekeshe, si wewe ndo ulikuwa unatushinda sote darasani kule Mombasa? Tashbihi, sitiari, tashihisi, chuku, taharuki, mbinu rejeshi, zote ulikuwa unazo kichwani, na huku Marekani wanauliza zile zile tu. Chukua daftari piga mstari katikati, upande huu tashbihi upande ule simile, sitiari metaphor, tashihisi personification, chuku hyperbole, mbinu rejeshi flashback, jioni moja umemaliza. Pa kukaa macho ni kinaya, yaani irony, manake wao wamekigawa mara tatu, kuna verbal mtu asema hili amaanisha lile, kuna situational mambo yaenda kinyume na yalivyotarajiwa, na kuna dramatic ambapo sisi twajua jambo na mhusika mwenyewe hajui. Hiyo ya mwisho waipenda sana, mfano wako uwe Romeo wa Shakespeare: amkuta Juliet amelala kwa dawa, adhani amekufa, sisi twajua yu hai, nae huyo anywa sumu.

Miungu usijitie kuwakariri wote, ukoo ule hauishi. Zeus mkubwa wao na radi zake, Hera mkewe mwenye wivu (na sababu anayo, mume mwenyewe yule!), Poseidon bahari, Hades kuzimu, Athena hekima, Ares vita, Hermes mjumbe, Aphrodite mapenzi. Majina ya Kirumi shika Jupiter kwa Zeus, Neptune kwa Poseidon, Minerva kwa Athena, Venus kwa Aphrodite, yatosha.

Nguvu zako zote zipeleke kwa Odysseus, yule shujaa wa Kigiriki anayehangaika kurudi kwao baada ya vita, nakwambia. Ule utenzi wa Homer, Odyssey, una vitabu 24 na karibu kila istilahi kwenye karatasi yako utaipata mle. Kwanza hauanzi mwanzo, waanza Odysseus ashakwama miaka 7 kisiwani kwa Calypso, mungu wa kike aliyemzuia, na huku nyumbani Ithaca wanaume wamejaa wanamtaka mkewe na wanakula mali yake, hiyo ndo in medias res, yaani kuanzia katikati ya kisa, alafu baadae yeye mwenyewe akiwa ugenini awasimulia wenyeji yaliyompata nyuma, hapo umepata flashback.

Ukiwa na nafasi ya kusoma kipande kimoja tu soma cha Polyphemus, lile jitu la jicho moja. Lawafungia pangoni na kuwala wenzake, Odysseus alilevya kwa mvinyo, aliambia jina langu mimi Hakuna Mtu, alafu walitoboa jicho kwa mti uliochongwa. Majitu jirani yaja mbio yauliza nani anakuua, lajibu Hakuna Mtu ananiua! Basi yakaenda zake. Sasa Odysseus si angenyamaza tu akaondoka? Hata. Yuko chomboni apaza sauti ajitaja jina lake la kweli na la babake na kwao, nalo lile jitu ni mtoto wa Poseidon, likamuomba babake Odysseus asifike kwao, na akifika afike amechelewa, amepoteza wenzake wote, kwa chombo cha watu, na akute balaa nyumbani. Yote yakawa. Ukiulizwa hubris, kile kiburi kinachomponza mtu, ni kule kujitaja, ukiulizwa foreshadowing, kudokeza yatakayokuja, ni ile dua. Na akirudi Ithaca amejifanya ombaomba, watu wamtukana hawajui ni nani, dramatic hiyo tena. Lakini kama waniuliza mimi mwenye akili mle ni mkewe Penelope, alisema ataolewa akimaliza kufuma sanda ya mkwewe, mchana afuma usiku afumua, akawazungusha miaka mitatu mizima.

Grama sasa. Comma splice ndo ugonjwa wetu, sentensi mbili kamili huzishiki kwa koma pekee, weka nukta au ongeza and au but (barua hii mwalimu wako akiiona ataijaza wino mwekundu). Who na whom, jaribu kujibu kwa he au him, ikikubali him basi ni whom. Alafu dangling modifier, maelezo yanayomwangukia asiye mwenyewe, angalia hii: Tied to the mast, the Sirens sang to Odysseus. Hapo waliofungwa mlingotini ni Sirens, wale viumbe wa kike wanaowavuta mabaharia kwa nyimbo! Sisi kwa Kiswahili hatupotei ovyo hapa kwa sababu ukisema akiwa amefungwa ile a- ishasema ni mtu mmoja na Sirens ni wengi, ila Kiingereza chaangalia nomino inayofuata koma, kwa hivyo Odysseus ndo aanze: Tied to the mast, Odysseus listened to the Sirens.

Insha ya mazoezi andika ya hubris, nitumie kabla ya Jumapili niipitie, na tafadhali piga picha mchana, zile za juzi kiza kitupu. Mamako mpe salamu, mwambie ule ukwaju umefika.

Wako,
shoga yako wa Ohio