Tusiwakatalie wagonjwa wetu kipimo cha maji ya mgongo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wasomaji ambao leo au kesho wanaweza kujikuta kwenye korido ya wodi wakiombwa kutia saini fomu ili ndugu yao achukuliwe maji ya mgongo. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi katika wodi za watu wazima na za watoto, na sijaona kipimo kinachokataliwa na familia kwa hofu kubwa kama hiki. Watu wanaokubali bila kusita mgonjwa wao atolewe damu, apigwe picha, hata apasuliwe tumbo, hugoma pale wanaposikia habari ya sindano ya mgongo. Husema kwamba atapooza, au kwamba jirani yao fulani alichomwa jioni na kufikia alfajiri akawa marehemu. Siidharau hofu hiyo, kwa maana inatoka kwa watu wanaompenda mgonjwa wao na waliokwisha kuonja msiba. Hata hivyo, naamini kwamba wengi wao wangekubali kama wangeelezwa mapema namna ubongo ulivyofunikwa na mahali hasa sindano inapopita.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4, nao ni laini mno; ukitolewa mahali pake na kuwekwa mezani hubonyea kwa uzito wake wenyewe. Sehemu yake kubwa, iliyogawanyika upande wa kulia na wa kushoto, ndiyo inayobeba fikra, kumbukumbu, lugha na amri za kuendesha viungo. Ubongo mdogo ulioko upande wa kisogoni hurekebisha mizani na mwendo, na shina la ubongo linaloteremka kuelekea shingoni husimamia pumzi na mapigo ya moyo hata tukiwa usingizini. Kiungo laini namna hii hakiwezi kuachwa kikigusana na mfupa. Kwa hiyo, chini ya fuvu, ambalo eneo lake linaloufunika ubongo limeundwa kwa mifupa 8 iliyoshikana, kuna tando tatu. Wa nje ni utando mgumu na mnene, ulioshikamana na mfupa wenyewe. Wa kati ni mwembamba, nao huitwa utando wa buibui kwa sababu ya nyuzi nyembamba zinazouunganisha na utando wa ndani. Huo wa ndani ni laini kabisa, umeuambata ubongo na kufuata kila bonde na kila kunjo lake.

Kati ya utando wa buibui na utando laini kuna nafasi iliyojaa maji, na maji hayo ndiyo kiini cha barua yangu. Hutengenezwa ndani ya ubongo, katika vyumba vyake vinne, kisha hutoka na kuuzunguka ubongo wote, huteremka hadi mgongoni, na mwishowe hurudi katika damu kupitia vichipukizi vidogo vya utando wa buibui vilivyojipenyeza kwenye njia kubwa za damu zilizomo katika utando mgumu. Kwa kuwa ubongo unaelea ndani yake, uzito wake hupungua kutoka gramu 1,400 hivi hadi kama gramu 50 tu, na hivyo hauelemei mishipa iliyo chini yake. Mtu mzima huwa na takriban mililita 150 za maji hayo kwa wakati mmoja, lakini mwili wake hutengeneza kama mililita 500 kila siku, yaani yote hubadilishwa zaidi ya mara tatu kwa siku. Daktari akichukua mililita 10 kwa ajili ya maabara, mwili huzirudisha kwa muda wa kama nusu saa. Wanaosema kwamba mgonjwa hunyonywa maji ya ubongo na kubaki mkavu wangeijua hesabu hii, nadhani wasingeendelea kuwatisha wenzao.

Sasa nije mgongoni. Tando zile tatu haziishii kichwani, bali hutoka katika tundu lililoko chini ya fuvu na kushuka ndani ya pingili za mgongo zikiwa zimeufunika ugwe mgongo, yaani ule mshipa mkuu wa fahamu unaotoka ubongoni. Jambo ambalo watu wengi hawajaambiwa ni kwamba ugwe huo ni mfupi kuliko mgongo wenyewe. Kwa mtu mzima hukoma kwenye usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Tando na maji huendelea kushuka hadi kwenye mfupa wa nyonga, na katika eneo hilo la chini hakuna tena ugwe; kuna maji na mizizi ya mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni na kwenye kibofu, ambayo huelea kama mwani na kusogea pembeni ncha ya sindano inapoingia. Daktari hupapasa ncha za juu za mifupa ya nyonga pande zote mbili, huifuata kwa vidole mstari unaoziunganisha, na kudunga kati ya pingili ya tatu na ya nne ya kiuno, au kati ya nne na ya tano. Kwa mtoto mchanga, ambaye ugwe wake hufika chini kidogo zaidi, huchaguliwa nafasi ya chini. Huko sindano haiufikii ubongo, na wala haiukuti ugwe ambao watu wanaogopa kuwa utakatwa.

Nitoe ushahidi ambao karibu kila familia inaufahamu. Mama anayejifungua kwa upasuaji mara nyingi hupewa ganzi ya mgongo. Huketi kitandani ameinama, hudungwa sindano nyembamba kiunoni, miguu hufa ganzi, mtoto hutolewa mama akiwa macho, na baada ya saa chache miguu hurudi kama kawaida. Sindano hiyo hupita katika eneo lile lile la kiuno, hutoboa tando zile zile na kufika kwenye maji yale yale. Hatukatai ganzi hiyo, na hatukumbuki kuwa na mashaka nayo, kwa sababu tunaisubiri furaha. Njia hizi mbili zina historia ya pamoja pia. Heinrich Quincke, daktari wa mji wa Kiel nchini Ujerumani, alieleza namna ya kutoa maji kiunoni mwaka 1891, na lengo lake la kwanza lilikuwa kupunguza msukumo wa maji kichwani kwa wagonjwa wake. Mwaka 1898, katika mji huo huo, August Bier aliitumia njia hiyo kutia ganzi. Bier alikubali yeye mwenyewe kudungwa, akaugua kichwa kikali kilichotulia kila alipolala, na hadi leo maumivu ya namna hiyo ndiyo usumbufu unaowapata wagonjwa mara nyingi zaidi baada ya kipimo. Hupungua kwa kulala, kwa dawa za maumivu na kwa muda.

Kwa nini basi daktari ayatake maji hayo, na si damu peke yake? Kwa sababu homa ya uti wa mgongo ni uambukizi wa tando hizi na maji yaliyomo kati yake. Mgonjwa huja na homa, kichwa kinachouma vibaya, shingo iliyokakamaa, kutapika, kuchukia mwanga, kuchanganyikiwa au degedege. Mtoto mchanga huenda akaonyesha tu kunyong'onyea, kukataa ziwa na utosi uliovimba. Dalili nyingi kati ya hizo zinafanana na za malaria kali, na kwetu mtu anaweza kukutwa na vimelea vya malaria katika damu huku kinachomuua kiko kwenye tando za ubongo. Maji ya mtu mwenye afya huwa meupe yanayong'aa kama maji safi ya kunywa. Yakitoka na ukungu, hapo hapo kitandani daktari huwa ameshapata habari nzito, na maabara itamweleza zaidi kwa kuhesabu chembe nyeupe, kupima sukari na protini, na kutafuta vimelea vyenyewe. Tofauti hizo si za vitabuni tu. Bakteria wa kawaida hutibiwa kwa sindano za antibiotiki kwa siku kadhaa au wiki chache, kifua kikuu cha tando za ubongo hutibiwa kwa miezi mingi, na fangasi huhitaji dawa nyingine kabisa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba kati ya kila watu 6 wanaopata homa hii ya bakteria, mmoja hufa, na kati ya kila 5, mmoja hubaki na madhara makubwa, ukiwemo uziwi. Panapokuwa na sababu ya kuchelewesha kipimo, antibiotiki huanzishwa bila kungoja, na hilo ni sahihi. Lakini kuendelea kutibu kwa kubahatisha siku baada ya siku kwa sababu familia imekataa ni jambo lenye gharama kubwa.

Naomba nikae kidogo kwenye fangasi, kwa kuwa hapo ndipo kukataa kunaumiza zaidi. Fangasi aitwaye kriptokokasi, anayeishi katika udongo na kinyesi cha ndege kama njiwa, huingia kwa hewa mapafuni na kwa watu wenye VVU ambao kinga yao imeshuka sana huweza kufika kwenye tando za ubongo. Akizaliana humo huziba vichipukizi vile ambavyo maji hupitia kurudi katika damu. Ubongo huendelea kutengeneza maji kama kawaida, lakini njia ya kutokea imefungwa, na fuvu la mtu mzima ni mfupa usiotanuka. Msukumo hupanda, kichwa huuma kiasi cha mgonjwa kulia usiku kucha, macho hufifia, masikio huziba, na mwisho fahamu hupotea. Kwa mgonjwa huyu kutoa maji si kipimo tu, ni tiba. Hutolewa kiasi cha kutosha kushusha msukumo, na inapolazimu hurudiwa kila siku mpaka hali itulie, wakati dawa za kuua fangasi zikifanya kazi yake ya polepole. Utafiti uliofanywa kwa wagonjwa wa Uganda na Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba vifo vya siku za mwanzo vilikuwa vichache kwa takriban theluthi mbili miongoni mwa waliotolewa maji kwa ajili ya tiba, vikilinganishwa na vya wenzao ambao hawakutolewa. Nimewaona wagonjwa walioletwa wakishika vichwa vyao kwa mikono miwili wakiomba uji kabla maji ya pili hayajafika maabara. Nimewaona pia waliorudishwa nyumbani na ndugu zao kwa gari la kukodi, ili wasichomwe.

Nirudi kwa yule jirani aliyechomwa jioni akafa alfajiri. Simulizi hizo mara nyingi ni za kweli, ila chanzo cha kifo ndicho kinachokosewa. Anayeombewa kipimo hiki ni mgonjwa mahututi tangu mwanzo. Familia inapokataa siku ya kwanza na ya pili, kisha ikakubali siku ya nne mgonjwa akiwa hajitambui, sindano huwa jambo la mwisho kufanyika na hubebeshwa lawama ya ugonjwa mzima. Vivyo hivyo kupooza: kifua kikuu cha tando za ubongo chenyewe huziba mishipa ya damu na kuwaacha watu wakiwa wamepooza upande mmoja, wawe wamechomwa sindano au hawakuchomwa.

Hatari za kweli zipo, na ni haki ya familia kuzijua. Mgonjwa mwenye uvimbe mkubwa au jipu ndani ya ubongo anaweza kudhurika maji yakitolewa mgongoni, kwa kuwa ubongo huweza kusukumwa kuelekea lile tundu la chini ya fuvu na kulibana shina lake. Ndiyo maana daktari huchunguza kwanza kama upande mmoja wa mwili umelegea, kama fahamu zimeshuka sana, na humulika nyuma ya macho. Akiwa na shaka huagiza kipimo cha CT cha kichwa. Mgonjwa ambaye damu yake haigandi vizuri, au mwenye kidonda au jipu pale pa kudungia, naye husubirishwa. Ulizeni mambo hayo. Muulizeni daktari ameona nini kinachomfanya atake maji, kama amekagua dalili za uvimbe kichwani, na majibu yatabadilisha dawa gani. Daktari mwema hatakasirika.

Kwa wenzangu wa wodini nina neno pia. Tumezoea kumpa ndugu fomu akiwa amesimama, tukimwambia kwa haraka kwamba mgonjwa atatolewa maji ya uti wa mgongo, kisha tunashangaa akikataa. Dakika chache za kumketisha, kumgusisha mfupa wa nyonga yake mwenyewe na kumwonyesha ugwe unakoishia na sindano itakakopita, zinatosha kubadili uamuzi wa wengi. Ziko wodi ambazo karatasi moja yenye mchoro wa mgongo hubandikwa ukutani kwa kazi hiyo, na ningependa kila wodi iwe nayo, pamoja na kila kliniki ya watu wanaoishi na VVU, ambako elimu hii ingetolewa kabla mtu hajaugua. Kwako Mhariri, ninaomba ukurasa wako wa afya uchapishe mchoro kama huo, ukionyesha fuvu, tando tatu, maji, mwisho wa ugwe na nafasi ya sindano, kwa ukubwa ambao mzee asiye na miwani ataweza kuuona.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mstaafu,
Morogoro