Maziwa ya manjano yana kanuni zake

Mhariri,

Maziwa ya manjano, haldi doodh ya Wahindi, yanasifiwa kila kona siku hizi, ila maelekezo mengi yanayosambazwa ni ya kubahatisha.

Kwa kikombe kimoja cha maziwa yasiyoondolewa mafuta, nusu kijiko cha chai cha unga wa manjano kinatosha. Twanga punje 3 au 4 za pilipili manga, tena si kwa ajili ya ladha tu: kurkumini, kiini cha manjano, haiyeyuki vizuri kwenye maji na mwili huitoa upesi. Mafuta huiyeyusha, piperini ya pilipili huichelewesha kutoka. Chemsha kwa moto mdogo dakika 5 hivi.

Tangawizi ndiyo huwashinda wengi. Ikitiwa mbichi kwenye maziwa ya moto, kimeng'enya chake huyakata, yakabaki mabonge na maji ya njano. Ichemshe kwanza kwenye maji kidogo dakika 5, ndipo umimine maziwa.

Mizizi mikavu inayong'aa kupita kiasi iacheni sokoni. Huko Bangladesh iligundulika mizizi hiyo ilikuwa ikipakwa kromati ya risasi, rangi ya njano yenye madini ya risasi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto. Afadhali manjano mabichi, uyaparuze mwenyewe.

Kinachotuuma zaidi ni wagonjwa kuuziwa vidonge vya kurkumini badala ya dawa zao. Vidonge hivyo si kijiko cha jikoni. Vimeshaumiza maini ya watu. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au mwenye mawe kwenye nyongo, amwone daktari kwanza.

Wasomaji wako