TAARIFA YA MWENYEKITI KWA MKUTANO MKUU WA MWAKA 2024

Ndugu wajumbe wa kamati, ndugu wanachama mliofika, na ninyi mtakaoisoma taarifa hii kwenye simu kwa sababu hamkufika: Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti aeleze kila mwaka chama cha wavuvi wa chambo bandia kimefanya nini. Nitajitahidi kuwa mfupi, ingawa kuna jambo moja, la kuhamishia mashindano yetu Mwanza, ambalo mmelisema sana nyuma yangu na leo nitalisema mbele yenu.

Shughuli za kawaida zilifanyika. Januari na Februari tulirusha Kunduchi na Ununio, kolekole wakapatikana, na mzia wakakata mishipi ya wale wasiopenda kuambiwa wafunge waya. Safari ya Mei iliahirishwa kwa sababu ya Kimbunga Hidaya. TMA, watu wa hali ya hewa, walishatoa tahadhari, boti za Zanzibar zimesimamishwa, na bado mwanachama mmoja alinipigia simu kuuliza tunakutana saa ngapi. Juni hadi Agosti kusi ilivuma, kwa hiyo hakuna la kueleza. Mafunzo ya kufunga mafundo yalifanyika Kigamboni. Tulishiriki misiba miwili na harusi moja. Hayo mnayajua.

Sasa Mwanza.

Kwa miaka mingi Mashindano yetu ya Vuli tumeyafanya kwa kuzunguka Mbudya na Bongoyo. Ni karibu, ni pazuri, na familia zinapata pa kukaa na kula samaki wa kukaanga. Lakini visiwa hivyo, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, ni hifadhi ya bahari tangu 1975, na ndani ya mipaka ya hifadhi hairuhusiwi kuvua, uwe na nyavu au uwe na ndoano moja yenye kisamaki cha mpira. Hoja ya "sisi tunamrudisha majini" haimo kwenye sheria. Wenyeviti walionitangulia walilijua hilo wakanyamaza. Mimi nililileta kwenye kamati mwezi Machi, tukakubaliana kwamba chama hakirushi tena chambo pale, na wajumbe wote saba walitia saini muhtasari. Wawili kati ya hao saba ndio waliokuja kuandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba "mwenyekiti ameua mashindano." Muhtasari ninao hapa, atakaye auone.

Ukishatoka nje ya hifadhi unahitaji boti yenye injini mbili, nahodha anayeijua bahari ya nje, na petroli. Tuliulizia boti tatu kwa siku moja, tukatajiwa Sh 2,700,000, chakula mbali. Ndipo nikapendekeza twende ziwani tukamfuate sangara. Wazo lilikuwa langu, sikatai, na aliyelipinga siku ile hakuleta lingine.

Mmesema niliwapeleka Mwanza kwa sababu nyumba ya wageni ni ya shemeji yangu. Ni ya shemeji yangu, sikuificha. Chumba kilikuwa Sh 25,000 pamoja na chai na chapati, na kila aliyelala pale alipewa risiti. Kama kuna mwanachama mwenye shemeji anayetoza chini ya hapo, mlango wa ofisi uko wazi. Wengine mmeuliza kwa nini hatukupanda treni ya SGR. Treni ilikuwa inaishia Dodoma, ndugu zangu, na kutoka Dodoma hadi Mwanza bado kulikuwa na safari ya kukesha barabarani. Basi la moja kwa moja lilikuwa nafuu na hakuna aliyepotelewa na mzigo.

Kisha likaja suala la mwezi. Tulikwenda wiki ya pili ya Novemba, mwezi ukikaribia kujaa, na wataalamu wetu wakasema mvuvi gani anakwenda ziwani mbalamwezi. Nilichagua siku zile makusudi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na taa haina kazi mbele ya mbalamwezi, kwa hiyo siku hizo mitumbwi yao imepumzika mwaloni. Tulikodi mitumbwi minne yenye injini, pamoja na wenyeji wa kuiendesha, kwa bei ambayo Msasani hupati hata boti moja. BMU ya pale, yaani kikundi cha wenyeji kinachosimamia mwalo, walitupokea vizuri, wakakagua leseni zetu za uvuvi wa burudani, wakahakikisha kila mtu amevaa jaketi okozi.

Na msimu wenyewe haukuwa wa kubahatisha. Miezi ya Juni hadi Agosti upepo wa kusi huyachanganya maji ya Ziwa Victoria hadi chini, na sangara anatawanyika popote penye hewa. Kuanzia Septemba maji yanaanza tena kujitenga kwa matabaka, ya chini yanapungukiwa oksijeni, na sangara si samaki wa kuvumilia hilo. Anasogea juu na pembeni, kwenye miamba na ghuba, anakowafuata dagaa na furu. Ndiyo maana tulirusha kwenye maji ya mita tatu hadi sita, karibu na mawe ya Ghuba ya Mwanza, badala ya kurambaza, yaani kukokota chambo nyuma ya mtumbwi, katikati ya ziwa kama baadhi yenu mlivyotaka. Kuna sababu nyingine: sangara aliyevutwa kutoka kina kirefu hufika juu bondo, ule mfuko wake wa hewa, limemvimba, hata ukimwachia anaelea ubavu. Sisi tunarudisha wasiofika sentimeta 50, na kumrudisha samaki anayekufa ni kujidanganya.

Kijana wetu wa Tabata, ambaye hutazama sana video za Uswidi na Uholanzi, alikuja na mkebe wa visamaki vya mpira vya sentimeta saba vyenye kichwa cha risasi. Wenzetu huko huvitumia wakati wa vuli yao, maji yanapopoa na perch, yule samaki wao mwenye milia, anapokusanyika kwenye kina akifuata vifaranga vya samaki. Samaki wao akifika kilo mbili wanampiga picha. Nilimwambia kijana kwamba ziwa letu halipoi hivyo, atumie chambo cha ukubwa wa kiganja. Hakusikia, akapata sangara wengi kuliko mtu yeyote, wote wa kurudisha. Mashindano yanahesabu uzito.

Aliyeshinda alitumia chambo cha Rapala cha sentimeta 14, rangi ya fedha, saa moja kasorobo asubuhi. Nilikuwa kwenye mtumbwi wa pili kutoka kwake. Chambo kilipita ubavuni mwa jiwe, akakisimamisha kidogo, maji yakafunguka, samaki akaruka nusu ya mwili mdomo wazi akitikisa kichwa, na jua likagonga lile jicho lake la rangi ya machungwa. Meno ya sangara hayakati kama ya mzia, yanasugua kama msasa. Naironi ya mbele ilipopimwa baadaye ilikuwa imechakaa urefu wa shibiri nzima. Samaki alikuwa kilo 14. Fundo lililomshika ni lile lile tulilofundisha Kigamboni, mafunzo yaliyohudhuriwa na watu tisa.

Waliokwenda Mwanza ni 14. Jumla ya sangara waliopimwa na kubakizwa ni 11, waliorudishwa ni wengi. Walioingia majini kuchomoa ndoano kwenye mawe, pamoja na mjumbe mmoja wa kamati aliyeambiwa asiingie, nawakumbusha wakapime kichocho. Dawa ipo na ni ya kumeza tu.

Fedha. Wanachama kwenye daftari ni 64. Waliolipa ada yote ya Sh 60,000 ni 23, ambayo ni Sh 1,380,000. Waliolipa nusunusu wameleta Sh 465,000. Michango ya Mwanza, watu 14 kwa Sh 250,000, ni Sh 3,500,000. Jumla ya mapato Sh 5,345,000, matumizi Sh 5,612,000. Pengo la Sh 267,000 nimeliziba kwa fedha yangu mwenyewe. Sidai, ila iandikwe kwenye kumbukumbu. Mchanganuo uko kwa mhazini.

Ningependa mniambie ada hii ina ugumu gani. Ni Sh 5,000 kwa mwezi. Mwanachama ananunua rili ya laki tatu, anaipiga picha na kuitupia kwenye kundi usiku, halafu mhazini akimwandikia anajibu "mambo magumu kaka." Akidi ya mkutano mkuu ni nusu ya wanachama. Mkutano wa kwanza, Oktoba, mlikuja 17, ukaahirishwa, na ukumbi ukawa umeshalipiwa. Kikao cha dharura cha kujadili malalamiko ya Mwanza, ambacho mlikidai wenyewe, walikuja 11, na watatu kati yao waliondoka baada ya supu. Mvua ilinyesha, najua. Foleni ya Kilwa Road naijua. Mimi pia natokea Mbagala.

Mwaka ujao kamati ina matumaini, Mungu akipenda, ya kutafuta mfadhili wa boti ndogo ya chama, kuanzisha darasa la watoto, na kuangalia uwezekano wa mashindano mengine ya baharini nje ya mipaka ya hifadhi, hali ya fedha ikiruhusu. Kuhusu kurudi Mwanza, mtaamua ninyi. Mwenyeji wetu ameshauliza.

Mwisho, sanduku la kijani la vyambo vya chama halijarudi tangu tuliposhuka kwenye basi kituo cha Magufuli. Aliyelibeba anajijua, na mimi namjua. Alifikishe kwa katibu kabla ya Jumamosi.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti